Wenye chenso Kusini, anzeni na tupa kabla ya grenda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye misumeno ya mnyororo wa Mtwara na Lindi. Chenso siku hizi si chombo cha wavuna mbao wa Liwale na Nachingwea peke yao. Zimeingia hadi kwenye mashamba ya korosho ya ekari mbili tatu kule Tandahimba na Newala. Ukifika msimu wa kupogoa, kabla mabomba ya kupulizia dawa ya salfa hayajaanza kunguruma, lalamiko ni lile lile: minyororo ya sasa ni feki, haidumu. Feki zipo, sibishi. Ila minyororo mingi inayotupwa haikumalizwa na mti. Imemalizwa wakati wa kunolewa, ama kwa tupa isiyo saizi yake, ama kwa grenda ya mchomelea mageti.

Hiyo grenda ndiyo iliyonifanya niandike. Mchomeleaji anafunga diski nyembamba ya kukatia chuma, anapitisha jino baada ya jino, cheche zinaruka, dakika tano kazi imekwisha na mwenye msumeno anaondoka ameridhika kwa sababu meno yanang'aa. Kung'aa si makali. Jino la mnyororo hukata kwa sababu chini ya bapa lake la juu kuna mviringo, kama mkunjo wa kiganja, na ukingo wa bapa hilo umetokeza mbele kidogo. Diski ni bapa. Inaacha ukuta ulionyooka, na jino la namna hiyo linakwaruza mti badala ya kuuchana. Isitoshe, diski hushuka ikagusa viungo vya pembeni na pini. Kiungo kilichochanwa hata nusu milimita ndicho kitakachokatika msumeno ukiwa kwenye kasi yake yote, na mnyororo uliokatika huruka kwa nguvu ya kutoboa nyama. Halafu kuna joto. Jino likigeuka rangi ya bluu au zambarau, ugumu aliouweka mtengenezaji umeharibika: pengine chuma kimelainika na makali yatapotea baada ya magogo mawili, pengine kimekakamaa hadi tupa inateleza juu yake bila kula. Hapo hata fundi mzuri hana la kukusaidia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ujue mnyororo wako. Usipime urefu wa upanga, yaani lile bapa refu la chuma ambalo mnyororo huzunguka, maana panga za inchi 20 zinabeba minyororo ya aina tofauti. Chukua rula, pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya tatu mfululizo, kisha gawa kwa mbili. Ukipata kama milimita 8.25, mnyororo ni wa inchi 0.325. Milimita 9.3 ni inchi 3/8. Milimita 10.26 ni 0.404, ule wa misumeno mikubwa ya kuangushia miti na kupasulia mbao. Macho yakisumbua, soma maandishi yaliyochapwa kwenye upanga karibu na mahali unapofungwa kwenye mashine, mradi una hakika kwamba upanga na mnyororo vilikuja pamoja. Minyororo ya Stihl ina tarakimu ndogo iliyogongwa kwenye nundu iliyo mbele ya kila jino: 2 ni 0.325, 3 ni 3/8 ya kawaida, 6 ni 3/8 ile fupi, 4 ni 0.404.

Angalieni sana hiyo 3/8, kwa sababu ziko mbili na nafasi ya pini ni ile ile. Moja ni ya meno mafupi na membamba, ya misumeno midogo ya kupogolea. Nyingine ni ya kawaida, nzito zaidi. Tupa zake ni tofauti kabisa.

Saizi za tupa ya mviringo ni hizi. Mnyororo wa 3/8 fupi, tupa ya milimita 4.0. Mnyororo wa 0.325, tupa ya 4.8, humu ndimo ilimo misumeno mingi ya Kichina yenye injini ya cc 52 na 58 iliyojaa madukani. Mnyororo wa 3/8 ya kawaida unatumia 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji: Stihl wanataka 5.2, Oregon na Husqvarna 5.5. Wa 0.404 ni 5.5. Tofauti ya nusu milimita inaonekana ndogo dukani, lakini kwenye jino ni kubwa. Tupa nyembamba mno huzama chini na kuchimba. Jino linakuwa na mdomo mrefu mwembamba kama wa kasuku, kali sana kwa dakika kumi kisha linamomonyoka. Tupa nene mno hukaa juu, inalaza ukingo nyuma, na msumeno unateleza juu ya gogo hata ukiuegemea kwa kifua.

Kuhusu ubora wa tupa: iviringishe juu ya kioo cha kaunta ya duka. Ikirukaruka imepinda, iache. Itazame kwenye mwanga. Michirizi yake iwe mikali, isiwe na madoa ya kutu. Hewa yetu ya pwani haina huruma na tupa, kwa hiyo duka linaloziacha wazi sandukuni zikigongana linauza chuma kilichokwisha kuchoka. Nyumbani kila moja ivae kipande chake cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Usiipake oili hata siku moja, itateleza. Ukitaka isizibe kwa unga wa chuma, ipake chaki na uisugue kwa brashi ya waya. Iwe na mpini. Gunzi la muhindi linatosha, lakini tupa isiyo na mpini itakuingia kiganjani siku itakapokwama.

Tupa ikianza kuteleza na wewe ukaanza kuikandamiza, imekwisha. Wapo wanaoibana tupa moja mwaka mzima kwa kuogopa gharama, huku wakitupa mnyororo baada ya mnyororo. Hesabu hiyo mimi siielewi.

Pamoja na tupa ya mviringo nunueni tupa bapa ndogo na kibao cha chuma cha kupimia nundu za mbele. Hicho kibao ni bei ndogo kuliko vyote na ndicho ambacho karibu hakuna aliyenacho. Ukiwa na fedha ya kuongeza, chukua kishikio cha tupa chenye mistari ya nyuzi 30 juu yake. Kinakaa juu ya jino na kuizuia tupa isizame, na kwa mtu anayejifunza kinafaa kuliko mashine yoyote. Kuna pia kishikio chenye tupa mbili za mviringo na moja bapa kwa pamoja, kinachonoa jino na kushusha nundu kwa mkupuo mmoja. Ni kizuri sana, lakini kila kimoja ni cha saizi moja tu ya mnyororo, basi mwenye misumeno miwili tofauti atahitaji viwili.

Kazi yenyewe. Zima injini na iache ipoe. Safisha mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa, kwa sababu utomvu wa mkorosho ukichanganyika na vumbi huiziba tupa mara moja. Bana upanga kwenye jiliwa. Kama huna, chana mfereji kwenye kisiki na uuchomeke humo. Kaza mnyororo zaidi kidogo kuliko unavyokaza wakati wa kukata ili meno yasilale pembeni, na funga breki. Vaa glavu, makali hayachagui mkono.

Tafuta jino lililo fupi kuliko yote na ulitie alama kwa chaki au rangi ya kucha. Hilo ndilo kipimo, mengine yote yatalifuata. Tupa iingie kutoka upande wa ndani wa jino kuelekea nje, imelala sawa, na karibu moja ya tano ya unene wake ionekane juu ya bapa la jino. Pembe ni nyuzi 30 kwa kukata magogo kwa kukingama. Minyororo mingi ina mstari mdogo uliochorwa nyuma ya bapa kukuonyesha. Kwa miti migumu kama mpingo na mkongo ni afadhali 25, makali yanakuwa mazito kidogo lakini yanadumu. Kwa wanaopasua mbao kwa urefu wa gogo, pembe ishuke hadi 10 au 15, na mbao itatoka laini zaidi.

Sukuma mbele, kisha inua tupa unaporudi. Tupa hukata ikienda tu. Ukiiburuta nyuma unaiua tupa na jino pamoja. Igeuzegeuze kila baada ya meno machache. Hesabu: kama jino la kwanza limechukua misukumo mitatu, yote ya upande huo yachukue mitatu. Maliza upande mmoja, geuka, maliza wa pili. Watu wengi wana mkono wenye nguvu upande mmoja, na ndiyo maana msumeno wao hukata ukipinda kama unatafuta njia yake mwenyewe.

Utajuaje limekolea? Lielekeze jino juani. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa kwenye ukingo, hapo pana ubutu, maana ukingo mkali haurudishi mwanga. Endelea hadi mstari ule utoweke, pamoja na pale kwenye kona ya nje, ambayo ndiyo hufanya kazi kubwa na ndiyo huchakaa kwanza.

Sasa nundu. Mbele ya kila jino kuna kidude cha chuma kisichokata. Kazi yake ni kuamua jino lichimbe kina gani. Bapa la jino limeinama kuelekea nyuma, kwa hiyo kila unaponoa, ukingo unarudi nyuma na kushuka, lakini nundu inabaki pale pale. Baada ya kunoa mara kadhaa nundu inakuwa sawa na makali, na jino halifiki kwenye mti. Hapo ndipo utasikia mtu anaapa kuwa amenoa vizuri lakini msumeno haukati, naye anasema kweli: amenoa, jino ni kali, ila limezuiwa. Mnyororo wa namna hii huhukumiwa kuwa feki kila siku.

Kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano, weka kibao cha kupimia juu ya mnyororo. Nundu ikijitokeza kwenye tundu la kibao, ikwangue kwa tupa bapa hadi iwe sawa na kibao, basi. Tofauti inayotakiwa kati ya makali na nundu ni milimita 0.65 kwa minyororo ya 0.325 na 3/8 zote mbili, na 0.8 kwa 0.404. Ukimaliza, viringisha pembe ya mbele ya nundu irudi kwenye umbo lake la mteremko, isibaki kona kali.

Msikisie kwa jicho. Wapo wanaoshusha nundu makusudi ili msumeno ule haraka. Utakula, ndiyo, utadaka mti, utaruka, utachosha klachi na injini, na ncha ya upanga ikigusa tawi utakurukia usoni kabla hujawahi kuvuta pumzi. Kwa miti yetu migumu hakuna faida yoyote ya kushusha chini ya kipimo.

Kuna dalili chache za kuangalia kazini. Msumeno ukitoa unga badala ya maranda, simama unoe. Ukikata kwa kupinda upande mmoja, pima urefu wa meno ya kushoto na kulia; yakiwa sawa, shida iko kwenye upanga. Usimamishe upanga ulio mtupu kwa ukingo wake juu ya meza iliyonyooka: ukiinama, kingo zake zimelika bila usawa, zisawazishe kwa tupa bapa na ondoa vijiwembe vilivyotokeza pembeni. Mazoea ya kugeuza upanga juu chini kila unapobadili mnyororo huzuia jambo hili. Ukikata vizuri lakini mnyororo unatoa moshi, tazama tundu la oili kwanza, mara nyingi limezibwa na unga wa mbao.

Na hiyo oili ya kulainishia mnyororo. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki ina chembe za chuma, ambazo zinasaga upanga na pampu kila sekunde. Sitaongeza neno.

Sehemu zetu zina adui wawili zaidi wa makali. Wa kwanza ni mchanga. Gogo lililoburutwa kwenye njia za Makonde limejaa mchanga kwenye maganda, na mnyororo ukigusa ardhi mara moja tu, sekunde moja, meno yote yamekwisha. Ambua ganda kwa panga pale unapotaka kukata, weka magogo madogo chini ya gogo kubwa, na ukifika karibu na chini ligeuze umalizie kwa juu. Kwa kazi za hivi chagua mnyororo wenye meno ya kona ya mviringo badala ya kona ya mraba. Ule wa mraba ni mwepesi kwenye mti safi, lakini kona yake haivumilii vumbi. Wauzaji hupenda kuusifu kwa kasi. Mkulima wa korosho haumfai.

Wa pili ni mnazi. Ganda la nje la mnazi mkongwe ni gumu na linakwangua chuma vibaya, na zile ngazi zilizochongwa na wagema hukusanya mchanga wa miaka. Wengine wamepigilia misumari. Anayeangusha minazi ya Mikindani au Kilwa abebe mnyororo wa akiba na anoe kila anapojaza petroli, misukumo miwili mitatu kwa jino, asisubiri uwe butu kabisa. Ukinoa kidogo kidogo mnyororo hukaa muda mrefu kuliko ukinoa kwa kukomboa. Mvule nao, ingawa si mgumu sana, una mawe meupe ya chokaa ndani yake, yanayojifanya pale mti ulipojeruhiwa. Msumeno ukilia ghafla katikati ya gogo safi la mvule, simamisha, usilazimishe.

Ikiwa msumari umevunja jino moja au mawili, mnyororo mzima usikwanguliwe kuyafuata. Yanoe hayo kadiri yanavyokubali, shusha nundu zake zilingane nayo, na uendelee. Meno mengine yatabeba kazi. Yakiwa yamevunjika mengi, hasa ya upande mmoja, ndipo mashine ya umeme ya kunolea minyororo inapohitajika.

Mashine hiyo, si grenda ya mkononi, ina mahali pake. Inamfaa mwenye karakana na minyororo mingi ya wateja. Jiwe liwe la unene wa milimita 3.2 kwa 3/8 fupi na 0.325, na la 4.7 kwa 3/8 ya kawaida na 0.404. Kabla ya kulifunga ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: likilia kwa mlio safi ni zima, likitoa mlio mfu lina ufa, litupe. Gusa jino sekunde moja, inua, gusa tena. Afadhali uzunguke mnyororo mara mbili kuliko kubana jino moja hadi libadilike rangi. Vile vijiwe vidogo vinavyozungushwa kwa betri ya volti 12 vinafanya kazi, ila hupungua unene kadiri vinavyotumika, na kijiwe cha 4.8 kilicholika ni sawa na kutumia tupa isiyo saizi.

Jino likibaki na urefu wa milimita 4, au likifika kwenye alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, mnyororo huo umemaliza kazi yake kihalali. Na ukiisha kumaliza minyororo miwili, badilisha na gia inayouendesha, vinginevyo gia iliyochimbika itaharibu mpya tangu siku ya kwanza.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya vipuri wa Mtwara mjini, Masasi, Lindi na Nachingwea. Tupa ziwekwe kwenye visanduku vilivyoandikwa milimita, na muuzaji amuulize mteja mnyororo wake ni wa namba gani kabla ya kumpa "tupa ya chenso". Vibao vya kupimia nundu vilevile viagizwe. Kila anayenunua mnyororo aonyeshwe kimoja. Na chuo cha ufundi cha VETA kingeweza kufanya mafunzo mafupi ya wikiendi mbili kwa vijana wa kupogoa mikorosho na kwa kamati za vijiji vyenye misitu yao kule Kilwa na Liwale. Vifaa vya darasa zima ni jiliwa, tupa chache na minyororo iliyotupwa, nayo hiyo imejaa nyuma ya kila karakana.

Wako,
Fundi misumeno,
Mtwara